Mwongozo kamili: jinsi ya kuipata NGC 1365, galaksi kubwa yenye upau, ukiwa huku Afrika Mashariki

Watu wengi wakipata darubini wanaangalia Mwezi, wanaangalia Zohali na pete zake, Mshtarii na miezi yake minne mikubwa, baada ya hapo darubini inahamia juu ya kabati maana kila mwongozo wanaoukuta mtandaoni umeandikwa na mtu wa Ulaya au Marekani kwa ajili ya anga lake yeye, ukiufuata kutoka Dodoma nusu ya vitu vyenyewe viko chini kabisa kaskazini nyuma ya mwembe wa jirani. Sasa hii ni ya kwetu. NGC 1365 iko nyuzi 36 kusini ya ikweta ya anga (mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia), maana yake ukiwa Dar inapanda mpaka nyuzi 60 hivi juu ya upeo wa kusini, Nairobi kama 55, Lubumbashi 65. Aliyeko London kwake haifiki hata nyuzi 3, yaani asahau. Wa Muscat wanaipata kwa nyuzi 30, si mbaya, vumbi tu ndo tatizo.

Nimeandika kwa mtu mwenye darubini ya kawaida, ila mwenye simu tu asiondoke, kuna sehemu yake huko chini.

Kwanza ujue unachotafuta

NGC 1365 ni galaksi ya mikono iliyojipinda, lakini mikono yake haianzii katikati. Katikati kuna upau, yaani mstari mnene wa nyota ulionyooka unaopita kwenye kiini, na mikono inaanzia kwenye ncha mbili za huo upau, mmoja unaenda huku mwingine kule. Upana wake ni kama miaka ya nuru 200,000, iko mbali kama miaka ya nuru milioni 60, na ni mmoja wa wakazi wakubwa wa kundi la galaksi la Tanuri (kwenye programu za nyota andika Fornax, ndo itakuja). Ukiacha lile kundi kubwa la Mashuke, Tanuri ndo kundi tajiri kuliko mengine yote ndani ya miaka ya nuru milioni 100 kutoka hapa tulipo.

Huo upau sio urembo. Unazunguka kama kitu kimoja na mvutano wake unaivuruga gesi, gesi inapoteza mwendo inateremka kuelekea katikati kupitia mistari ya vumbi ile myeusi unayoiona kwenye picha, ikifika inajazana kwenye pete ya kuzalisha nyota mpya, na kidogo kinaendelea mpaka kwenye shimo jeusi lenye uzito wa kama Jua milioni 2. Mwaka 2013 timu ya Guido Risaliti ilitumia darubini za eksirei NuSTAR na XMM-Newton ikakuta hilo shimo linazunguka kwa kasi iliyokaribia kikomo kabisa. Na galaksi yetu wenyewe, Njia Nyeupe, nayo ina upau, ila sisi tumo ndani hatuwezi kuuona umbo lake vizuri, ndo maana mimi nasema ukitaka kuelewa nyumbani kwako kunafananaje nenda kaangalie hii.

Shika hili kabla hujaenda porini: kwenye lenzi unatafuta UPAU, sio mikono. Picha za rangi za Hubble, ile darubini iliyoko angani, zimewaharibu watu, mtu anategemea mikono ya bluu na waridi, anaona ukungu wa kijivu, anasema darubini mbovu. Kiini kinaonekana kwanza, upau unafuata, mikono inakuja mwisho na wakati mwingine haiji.

Mwezi gani, saa ngapi

Katikati ya Novemba inafika juu kabisa kama saa sita na nusu usiku. Mwisho wa Desemba ni saa tatu na nusu hivi. Katikati ya Januari ndo raha yenyewe kwa watu wa pwani na Kenya, giza likishaingia vizuri kwenye saa mbili na kitu yenyewe iko pale juu tayari inakusubiri, na mvua za vuli zimeshakata. Februari unaiwahi mapema, ikifika saa nne usiku imeshalala magharibi. Machi achana nayo.

Watu wa Dodoma, Singida, Tabora, Lubumbashi, Januari kwenu ni mvua, kwa hiyo nyie chukueni Septemba na Oktoba ila mkubali kukesha: katikati ya Oktoba inafika juu kama saa nane na nusu usiku, Septemba ni saa kumi na nusu alfajiri. Anga la kiangazi la Singida saa tisa usiku lakini, mnatushinda wote.

Mwezi ukiwepo angani usijisumbue kabisa. Njia rahisi ni kalenda ya Kiislamu, siku za mwisho wa mwezi na zile tatu nne baada ya kuandama ndo za kwako, na ikiwa ni kuanzia kumi mpaka ishirini kaa nyumbani.

Sehemu ya kwenda

Kanuni ni moja: mji uwe mgongoni kwako. Unaangalia kusini, kwa hiyo lazima uende kusini ya mji ili ule mwanga wa taa ubaki kaskazini. Mtu wa Dar aende upande wa Mkuranga na kuendelea, asiende Bagamoyo, maana Bagamoyo ni pazuri lakini ukitazama kusini unatazama mwanga wa Dar wenyewe. Unguja nenda Makunduchi au Kizimkazi, mbele yako bahari tu. Mombasa vuka feri ushuke Msambweni, Nairobi shuka barabara ya Magadi.

Toa taarifa. Mwenyekiti wa kijiji au mjumbe ajue kuna watu watakaa uwanjani usiku na kitu kinachofanana na bomba la mzinga, maana ukikutwa saa saba usiku unaanza kueleza habari za galaksi kwa mgambo mwenye rungu mambo yatachelewa. Ukimwonyesha Mwezi kabla haujazama, au Zohali, unakuwa umepata mlinzi.

Vifaa

Darubini ya kioo cha milimita 150 itakuonyesha kiini na ukungu unaokizunguka, na kwenye giza la kweli dalili ya upau. Milimita 200 ndo ninayoipendekeza, yaani inchi 8, ile aina ya Dobson inayokaa kwenye kiti cha mbao, haina mota wala nini, bei yake ukilinganisha na inachokupa hakuna kinachoifikia. Kuanzia 250 kwenda juu mikono inaanza kujitokeza bila kubembelezwa. Zile darubini ndogo za dukani zilizoandikwa "x675" kwenye boksi, hapana.

Lenzi za jicho mbili zinatosha. Kwa darubini ya 200 yenye urefu wa fokasi milimita 1200, lenzi ya milimita 25 inakupa ukuzaji mara 48 na uwanja (kipande cha anga unachokiona ndani ya lenzi) wa kama nyuzi 1, hiyo ni ya kutafutia. Ukishaipata weka ya milimita 10 au 12, unapata mara 100 mpaka 120, hapo ndo upau unaonekana vizuri maana nyuma kunakuwa cheusi zaidi. Filta za kuzuia taa za mji usinunue kwa ajili ya galaksi, hazisaidii, mwanga wa galaksi ni wa nyota za kila rangi kwa hiyo filta inakata na chako pia.

Tochi nyekundu (bandika karatasi nyekundu ya plastiki kwenye tochi ya kawaida), kiti, shuka. Kwa watu wa pwani umande ni adui mkubwa, saa tano tu kioo kidogo cha kulengea kimeshalowa, beba taulo kavu na ufunike kila ukipumzika, na ukirudi nyumbani usifunge boksi kabla vitu havijakauka, kuvu ikishika kwenye lenzi haitoki. Vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye viatu usivitupe.

Kuifikia, nyota kwa nyota

Hapa twende polepole. Fika mapema, panga darubini, linganisha kidarubini cha kulengea na darubini kubwa kwa kutumia nyota yoyote inayong'aa, halafu zima simu, kaa gizani dakika 20 mpaka 30 macho yazoee. Simu ikiwashwa sekunde moja tu, unaanza upya.

Tazama kusini. Katika muda ambao galaksi iko juu kabisa utaona nyota mbili kubwa zilizo karibu urefu uleule, kama theluthi ya njia kutoka upeo wa macho kwenda utosini. Ya kushoto ni Suheli, ambayo manahodha wetu wanaijua, ni ya pili kwa mwangaza angani usiku baada ya Shira, kwenye programu inaitwa Canopus. Ya kulia ni Akherinahari, Achernar. Sasa chora pembetatu kichwani, hizo mbili ziwe kitako na kilele kiwe juu katikati yao. Kilele hicho ndo mtaa wa Tanuri. Ukitazama kwa macho hakuna kitu pale, giza tu, na hiyo ndo sababu mwanaastronomia Mfaransa, de Lacaille, alipokuwa Rasi ya Tumaini Jema miaka ya 1751 na 1752 akijaza mapengo ya ramani ya anga la kusini aliibandika hapo tanuri ya maabara ya kemia, nyota zenyewe hafifu hazina umbo la tanuri wala la kitu kingine.

Kwa sababu hapaonekani kitu, usirukie moja kwa moja. Rudi Akherinahari. Kutoka hapo kuna mnyororo wa nyota za wastani unaopanda juu kuelekea kushoto, huo ni mto wa Nahari. Ufuate kama nyuzi 20, yaani ngumi mbili ukinyoosha mkono mbele, unafika kwenye nyota iliyowazidi majirani zake, inaitwa Acamar. Ielekezee darubini hapohapo. Ukiona ni nyota mbili nyeupe zimebanana basi uko sahihi, Acamar ni nyota pacha na ni nzuri kweli, hata galaksi ikikataa usiku huo hujala hasara.

Kutoka Acamar panda juu kushoto kama nyuzi 7, pungufu ya ngumi, ukiangalia kwenye kile kidarubini cha kulengea. Unatafuta nyota tatu ndogo zimesogeleana sana, moja imezizidi wenzake wazi. Hizo ni Kai za Tanuri, kwenye ramani zimeandikwa kwa herufi ya Kigiriki χ na namba 1, 2, 3, iliyong'aa ni namba 2. Hakuna nyota tatu nyingine za namna hiyo mtaa ule. Ukipotea, nenda upande wa pili: kushoto kuna nyota inaitwa Upsilon 4 ya Nahari, chora mstari kutoka kwake mpaka Acamar, fika katikati, panda juu nyuzi 2, upo ndani ya kundi la galaksi.

Umeipata Kai 2? Iweke katikati ya lenzi ya milimita 25. Sasa sogeza darubini kuelekea mashariki, ambako ukitazama kusini ni kushoto, kwa nyuzi 1.3, ni uwanja mmoja wa lenzi na kidogo, na huku unashuka nusu nyuzi. Kumbuka darubini ya Dobson inakupindulia picha chini juu kushoto kulia, kwa hiyo usifuate macho ndani ya lenzi, fuata bomba lenyewe linaelekea wapi. Wengi hapa ndo wanapotelea, wanasukuma kinyume wanazunguka nusu saa wanasema haipo.

Sogeza taratibu sana. Kitakachokuja ni doa la ukungu lenye kitone king'avu katikati. Simama hapo.

Kuiangalia sasa

Usiikazie macho. Tazama pembeni yake kidogo, kama mtu anayejifanya haangalii, maana sehemu ya jicho inayoona gizani haiko katikati. Ligonge bomba polepole kwa kidole, ubongo unaona kitu kinachotikisika kuliko kilichotulia. Mwangaza wa galaksi nzima ni kama magnitudi 9.6 (namba ikiwa kubwa kitu ni hafifu) lakini umetandazwa kwenye eneo la dakika 11 kwa 6 za nyuzi (nyuzi moja ni dakika 60), ndo maana inaonekana dhaifu kuliko namba inavyoahidi.

Badilisha lenzi, nenda mara 100. Upe muda. Ule ukungu utaanza kurefuka upande mmoja na mwingine wa kiini, sio duara tena, ni mstari mnene. Huo ndo upau. Ukishaushika, fuata ncha zake, angalia kama kuna ukungu unaoponyoka kutoka kwenye ncha na kukunja kona, na ncha ya pili inakunja kinyume chake. Mkono mmoja huwa unakuja kabla ya mwenzake. Darubini yenye kioo cha kona kwenye lenzi inageuza kushoto kulia, kwa hiyo mkunjo wako na wa jirani yako mwenye Dobson unaweza kuwa tofauti, msigombane.

Chora. Sio lazima uwe msanii, duara kwenye karatasi na penseli, weka nyota unazoziona na ukungu ulipo. Mtu anayechora anaona mara mbili ya anayetazama tu, hilo nina uhakika nalo. Na James Dunlop alipoikuta hii galaksi mara ya kwanza mwaka 1826 akiwa Parramatta, Australia, alikuwa na jicho na darubini yake tu, hakukuwa na kamera.

Majirani

Ukishafika hapo usirudi bila kuwasalimia wengine. Kutoka NGC 1365 nenda juu kushoto kama nyuzi 1.2, unaingia katikati ya kundi: kuna NGC 1399, tufe la ukungu lenye kiini king'avu, ndiye mkubwa wa kati, na pembeni yake kwenye uwanja uleule NGC 1404, ndogo kidogo. Zinafanana na tofauti yao na NGC 1365 inaonekana papo hapo, hakuna upau wala mkono, ni mipira ya nyota za zamani isiyo na gesi ya baridi ya kutosha kuzalisha nyota mpya. Ndo maisha ya katikati ya kundi hayo. Kati ya galaksi kuna gesi ya moto ya mamilioni ya nyuzi za joto inayong'aa kwa eksirei, na darubini ya Chandra imeiona NGC 1404 ikiporomoka ndani ya hiyo gesi huku yake yenyewe inachunwa na kuachwa nyuma kama mkia. NGC 1365 iko pembeni ya mji, kusini magharibi, gesi yake bado anayo ndo maana bado inazaa.

Ukisogea kulia kidogo kutoka 1399 utakuta kijiji kizima, 1387, 1379, 1374, 1381, 1380, kwenye darubini ya 200 na giza zuri unaweza kupata mbili tatu kwenye uwanja mmoja. Na upande wa pili, KULIA, yaani magharibi ukitazama kusini, nyuzi 2 na nusu kutoka NGC 1365, iko NGC 1316 ambayo inang'aa kuizidi, hata binokula ya 10x50 kwenye giza la kweli inaigusa.

Picha

Huku kwetu stendi zile za kufuata mzunguko wa dunia zina tabu yake. Ncha ya kusini ya anga, ambayo stendi lazima iielekee, iko nyuzi 6 au 7 tu juu ya upeo wa macho ukiwa Dar, Nairobi iko nyuzi 1, na stendi nyingi zimetengenezwa kwa nyuzi 20 kwenda juu, hazilali mpaka huko, uzito unagonga mguu. Uliza kabla hujatoa hela.

Kinachofanya kazi bila kelele ni zile darubini janja ndogo kama Seestar S50, inajitafutia yenyewe, inapiga picha za sekunde 10 moja moja na kuzilundika. Iache nusu saa mpaka saa nzima, upau na mikono yote miwili inatokea kwenye simu. Kwa kuwa inafuata kwa kupanda na kugeuka, picha inazunguka taratibu, na inazunguka haraka zaidi galaksi ikiwa juu kabisa kusini, kwa hiyo anza mapema ikiwa kwenye nyuzi 35 mpaka 50 inapanda, pembe za picha zitakuwa safi zaidi. Mwenye kamera ya DSLR na lenzi ya milimita 200 au 300, hesabu ni ileile, picha fupi nyingi, baadaye zilundike kwenye programu ya bure kama Siril.

Huna darubini?

Fungua ESASky au Aladin Lite, ramani za anga za mtandaoni, kwenye simu, andika NGC 1365. Ukishaiona badilisha ramani kutoka mwanga wa kawaida kwenda infraredi, mwanga ambao macho hayauoni. Vumbi linapotea na upau unasimama wazi mnene, maana nyota za upau nyingi ni za zamani, nyekundu, na infraredi inapita kwenye vumbi. Tafuta pia picha ya darubini ya James Webb ya 2023, hapo vumbi lenyewe ndo linang'aa, unaona nyuzi za gesi zikiteremka kwenye upau kuelekea katikati, kila nilichoeleza kule juu kipo. Panda nyuzi 8 kaskazini na utakuwa kwenye kile kipande kidogo Hubble alichokikodolea macho 2003 na 2004 akakuta galaksi kama 10,000.

Kabla hujakunja vitu

Linganisha mchoro au picha yako na picha ya zamani ya galaksi hii, nyota kwa nyota. Imeshalipua supanova (nyota zinazolipuka) zinazojulikana mwaka 1957, 1983, 2001 na 2012, na ile ya 2012, SN 2012fr, ilifika magnitudi 12 hivi, darubini ya inchi 8 ilikuwa inaiona. Ukikuta nyota ambayo haipo kwenye picha ya zamani, piga picha nyingine baada ya nusu saa: ikiwa imehama ni asteroidi, yaani mwamba unaolizunguka Jua. Ikiwa haijahama, ingia Transient Name Server ya muungano wa kimataifa wa wanaastronomia, uangalie kama kuna mtu ameshairipoti, na kama hakuna, fungua akaunti uandike majira yake (namba za mahali ilipo angani) na saa ya Greenwich, sio saa zetu za usiku, watu wa kule hawaelewi saa tatu yetu ni ipi.